Mashine Iliyomwamkia Baba Mkwe

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Si ile aibu ya kuteleza kwenye tope ukajifuta ukaendelea na safari. Nimeaibika kwa baba mkwe. Na mbaya zaidi, mkwe mwenyewe bado hajakubali kuwa mkwe!

Aliyeniaibisha ni sauti yangu, mimi nikiwa sipo. Najua hamjaelewa. Hata yeye hakuelewa, ndiyo maana nimeacha ugali unapoa nakuja kuwaandikia.

Wanaonifahamu humu jukwaani wanajua niko Singida mjini, Mandewa, kwenye kampuni ya kukamua alizeti. Zamani kilikuwa kiwanda cha umma. Kikabinafsishwa, kuta zikapakwa rangi, zikaletwa kompyuta, nikaletwa na mimi. Mimi ndiye fundi kompyuta. (Pia fundi feni, fundi redio ya mlinzi, na siku moja fundi wa birika la chai.)

Kitu kimoja hakikubinafsishwa: simu. Ofisi nzima ilikuwa na simu moja, mezani pale mapokezi, na mtu akitafutwa anaitwa kwa kelele koridoni. “Mama Hadijaaa, wakulima wa Issuna wanakutaka!” Zamani haikuwa shida, mkulima hakuwa na pengine pa kuuza. Siku hizi soko ni huria. Akipiga mara mbili asipokelewe, kuna lori la mtu mwingine limeegeshwa kijijini kwake na mizani iko tayari.

Basi mkurugenzi wetu, Mzee Ntandu, akasema kila meza iwe na simu. Akaja fundi wa simu kupima, akasema kuta zitobolewe na waya mpya upitishwe jengo zima. Mzee akashika kichwa. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka bila kuniuliza.

“Mzee, waya mpya wa nini? Zipo simu zinazotumia mtandao wetu huu huu wa kompyuta. Unachomeka simu ukutani pale ilipochomekwa kompyuta, halafu kompyuta unaichomeka kwenye simu. Basi.”

Mama Hadija, mhasibu wetu, akavua miwani. “Waya mmoja upitishe kompyuta na maneno ya watu?”

“Ndiyo, mama.”

“Mtu akipiga umbea wakati mimi natengeneza mishahara, umbea hautaingia kwenye mishahara?”

“Hautaingia, mama.”

“Tutaona.”

Simu zikanunuliwa. Nikafunga moja baada ya nyingine, na ile laini yetu ya zamani nikaiunganisha kwenye kompyuta ya akiba ili ipokee simu zote zinazoingia. Zilipowaka kwa mara ya kwanza nilitembea koridoni kifua mbele, hata mlinzi alinipigia saluti. Nilijivunia mambo mawili. La kwanza, namba ya simu hizi haikai ukutani, inakaa ndani ya simu yenyewe. Ukiihamishia chumba kingine ukaichomeka, namba yako imekufuata. (Kumbukeni hili, ndilo lililonimaliza.) La pili, mtu akipiga kutoka nje anapokelewa na mashine yenye sauti iliyorekodiwa: kwa manunuzi bonyeza moja, kwa uhasibu bonyeza mbili, kwa fundi bonyeza tatu. Asipobonyeza kitu, mashine inarudia tangu mwanzo. Ikishasema mara tatu bila majibu, inampeleka kwa fundi. Yaani kwangu.

Sauti ya kurekodi ilikuwa yangu. Nilijifungia stoo, nikajisafisha koo, nikatoa sauti ya mtangazaji. “Karibu! Umepigia kampuni ya mafuta ya alizeti. Kwa manunuzi, bonyeza moja...” Nikamwita Mzee Ntandu asikilize.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkonga wa simu sikioni, akautazama, akanitazama mimi.

“Daudi, haijasalimia.”

“Mzee, ni mashine.”

“Mashine ina sauti ya nani?”

“Yangu, mzee.”

“Basi wewe ndiye hujasalimia. Wanaotupigia ni wazee wa watu. Mzee katoka shambani, kashika simu ya mkononi kwa mikono miwili, unampokea na ‘bonyeza’? Weka shikamoo.”

Hapo ningebisha nini? Nimezaliwa Issuna, nimelelewa na bibi, najua kinachompata mtoto anayepita mbele ya mkubwa kimya kimya. Nikarudi stoo. “Shikamoo! Umepigia kampuni ya mafuta ya alizeti...” Mzee Ntandu akajaribu tena. Mashine ikamwamkia, akaitikia “marahaba,” akabonyeza moja, akapokelewa na watu wa manunuzi kule ghalani. Akatabasamu siku nzima. Tulijaribu wote na wote tukafika tulikotaka. Hakuna aliyewaza kwamba sisi tulikuwa tunajua kuwa ni mashine.

Sasa niwaambie habari ya posa, maana bila hiyo hamtanionea huruma.

Yuko binti anaitwa Upendo, mwalimu, wa Ulemo kule Iramba. Sitasema mengi juu yake kwa sababu nikianza sitamaliza. Nampenda. Mwezi uliopita baba yangu mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, alipeleka posa. Baba yake Upendo, Mzee Gunda, aliipokea vizuri lakini hakuijibu. Alisema ana swali moja tu. “Huyo kijana anafanya kazi gani hasa? Kompyuta nazisikia. Lakini mtu anaamka asubuhi, anaifanya nini?”

Baba mdogo naye, kwa kunipamba, akamwambia: “Mzee, kijana wetu ni mtu wa ofisini. Sasa hivi ana simu yake mezani. Siku yoyote ukitaka, mpigie kazini umsikie mwenyewe.” Akampa namba. Kuhusu mambo ya kubonyeza hakumwambia lolote, maana na yeye alikuwa hajui. Na mimi hakuniambia kwamba katoa namba. (Baba mdogo, kama unasoma humu, tutaongea.)

Basi leo. Leo ndiyo siku ya bodi kuja kuona mfumo mpya. Walikuja wajumbe wawili, wazee wenye makoti. Mmoja ni mstaafu wa reli kutoka Manyoni, ambaye tangu anaingia alikuwa anasimulia simu za stesheni za kuzungusha kwa mkono. Chumba cha kikao hakikuwa na simu, zote zilikuwa zimeishia mezani kwa watu. Nikasema hakuna shida. Nikaenda kuing'oa ya mezani kwangu, nikaileta, nikaichomeka mbele yao. Ikawaka.

“Namba ileile?” akauliza mzee wa reli.

“Ileile, mzee. Ningeipeleka hata jikoni ingekuwa ileile.”

“Sisi ukihamisha simu unaanza na kuhamisha nguzo.” Akatikisa kichwa kwa furaha. Mzee Ntandu akanitazama kwa jicho la baba aliyefaulisha mtoto, akasema sasa tunywe chai tusubiri mteja wa kweli apige, watu wasikie wenyewe.

Chai ikamiminwa. Mama Hadija akagawa karanga. Simu ikalia.

Nikabonyeza spika ili bodi isikie sauti ilivyo safi. Nikajisafisha koo.

“Shikamoo!” nikasema. (Kwa sauti ileile ya stoo. Ndiyo sauti yangu ya kazini, sina nyingine.) “Umepigia kampuni ya mafuta ya alizeti.”

Mtu akashusha pumzi.

“Marahaba,” ikasema sauti ya mzee, imechoka. “Hii ni ya nne, mwanangu.”

Wajumbe wakatazamana.

“Samahani mzee, sijakuelewa.”

“Umeniamkia mara nne. Mara ya kwanza nimekuitikia vizuri, nikakuuliza hujambo. Hukujibu, ukaanza habari za kubonyeza. Nikasema labda hajanisikia. Ukaniamkia tena. Nikaitikia, nikakuuliza habari za nyumbani. Ukaniambia moja. Basi nikasema moja. Nikasema moja kwa nguvu, mpaka watu hapa dukani wamegeuka. Ukaniamkia upya!”

Ndugu zangu, jasho lilianzia kisogoni. Sauti ilikuwa safi kweli, hilo niseme. Kila neno lilisikika mpaka dirishani.

“Mzee, samahani sana. Yule hakuwa mimi. Ni mashine.”

“Mashine ina sauti yako?”

“Sauti ni yangu, mzee. Lakini mimi sikuwepo.”

“Ulikuwa wapi?”

“Kwenye kikao.”

“Na sasa uko wapi?”

“Kwenye... kwenye kikao.”

Mama Hadija akainamia karatasi zake kana kwamba ameona kosa la hesabu. Mabega yalikuwa yanaruka. Mzee Ntandu alikuwa ameshika kikombe hewani, hakinywi, hakitui.

“Kijana,” mzee akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulioniumiza kuliko kama angenitukana. “Umekula leo?”

“Nimekula, mzee.”

“Homa huna?”

“Sina, mzee.”

“Haya. Usihangaike, kazi za ofisini zinachosha akili. Wewe pumzika. Nipatie tu mtu mwingine aliye karibu hapo. Namtafuta kijana mmoja wa Issuna, fundi wa hizo kompyuta, anaitwa Daudi. Mwambie ni Mzee Gunda wa Ulemo.”

Nilishika meza.

Jamani, mniambie ninyi mngefanyaje. Kwanza, kwa desturi zetu, mambo ya posa kijana hayasemi mwenyewe, yupo mshenga. Mkwe unamwona kwa mbali, unainama, unapita. Mimi niko naye kwenye spika mbele ya bodi! Shetani akaninong'oneza: sema Daudi katoka. Lakini nikisema Daudi katoka, na Jumapili moja Mzee Gunda akaja kunisikia nikisema shikamoo? Sauti hiyo sasa anaijua kuliko mtu yeyote katika mkoa huu.

“Ndiye mimi, mzee,” nikasema.

Nikasikia kuku huko Ulemo.

“Wewe ndiye Daudi.”

“Ndiyo, mzee.”

“Tumeongea muda wote huu hukuniambia.”

“Kwa sababu... yule wa mwanzo...” Nikaona nitaanza tena habari ya sauti na kikao. Nikaamua nizime spika, nichukue mkonga, nitoke na simu koridoni, nimwombe msamaha kama mtu. (Nitoke nayo vipi, imefungwa ukutani kwa waya? Akili ilikuwa imeshahama.) Nikabonyeza kitufe cha spika.

Hakikuwa cha spika. Kilikuwa kile cha kumsubirisha mpigaji, kinachompigia muziki wakati anasubiri.

Simu ikanyamaza. Huku kwetu hakukusikika kitu. Mimi nikadhani nimemkatia, nikaanza kubonyeza kila kilichokuwa mbele yangu. Mzee wa reli akawa ananielekeza, “Zungusha! Zungusha!” Nilipofanikiwa kumrudisha, Mzee Gunda alikuwa katikati ya sentensi.

“...muziki wa nini huu? Kijana! Umeniwekea kinanda? Posa hatujaijibu, wewe umeshaanza sherehe?”

Chai ya mjumbe mmoja iliishia kwenye koti lake. Mama Hadija alitoka nje, na koridoni tukamsikia akilia kwa kicheko na kumwita Mungu. Mimi nilisimama pale. Nasema kweli, macho yalijaa machozi. Si kwa sababu ya bodi, bodi nitaizoea. Nilikuwa namwona Upendo amekaa jikoni kwao anasubiri baba yake arudi kutoka dukani, na najua habari atakayoletewa.

Mzee Ntandu akaweka kikombe chini. Akaja mpaka pale nilipo, akanigusa bega.

“Sogea, mwanangu.”

Akavuta kiti, akakaa mbele ya simu, akaanza. Akamsalimu Mzee Gunda kama wazee wanavyosalimiana. Habari za Ulemo. Habari za mvua. Ng'ombe wanaendeleaje. Alizeti ya mwaka huu imekaaje, ndege hawajaishambulia? Wakaenda hivyo mpaka chai ya watu wote ikapoa, na hakuna aliyethubutu kuingilia. Nikasikia sauti ya Mzee Gunda inalegea kidogo kidogo, mtu amepata mwenzake wa kuongea naye.

“Sasa, mzee mwenzangu,” akasema Mzee Ntandu, “kosa ni langu. Kijana alitengeneza mashine yake bila salamu. Mimi ndiye niliyemwamuru aweke shikamoo. Nilisahau kwamba mtu akishaamkiwa ana haki ya kuuliza habari za nyumbani.”

“Ahaa.” Mzee Gunda akatafakari. “Kwa hiyo ilikuwa mashine kweli.”

“Mashine kweli.”

“Na sauti ni ya kijana.”

“Ya kijana.”

“Sasa kama sauti yake inafanya kazi na yeye yuko kwenye kikao, yeye mwenyewe anafanya kazi gani?”

“Hilo hata mimi najiuliza,” akasema Mzee Ntandu, na wajumbe wakacheka, na mimi nikacheka huku napangusa macho. “Ila nikwambie jambo. Zamani mtu wa Ulemo akinipigia, alikuwa anasubiri mpaka nitafutwe jengo zima. Leo, angejua kubonyeza tu, angenipata hapo hapo. Hiyo ndiyo kazi yake. Anaamka asubuhi, anawafikisha watu kwa watu.”

Mzee Gunda akauliza: “Na adabu?”

“Wewe umeonaje?”

“Adabu nimeiona. Imezidi. Ndiyo iliyonitia wasiwasi.”

“Mimi sina binti aliyebaki nyumbani,” akasema Mzee Ntandu. “Ningekuwa naye, wewe usingepata nafasi ya kupiga simu hii.”

Sikuwa nimewahi kusikia mzee huyu akinisifu. Miezi yote alikuwa ananiita “wewe wa waya.” Nilitazama chini, kwenye waya wenyewe, maana hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

“Basi,” akasema Mzee Gunda, “salio linaniishia, nimelimalizia kwenye kinanda. Mwambie Jumapili aje, yeye na huyo mshenga wake. Lakini aje mwenyewe. Asitume sauti.”

Simu ikakatika. Chumba kikalipuka. Mzee wa reli akanipa mkono mara mbili, akasema tangu astaafu hajahudhuria kikao kizuri kama hiki. Bodi ikakubali mfumo uendelee, ikatoa agizo moja tu, na aliyelipendekeza ni Mzee Ntandu: mashine ikishaamkia, inyamaze kwanza, mtu aitikie.

“Inyamaze kwa muda gani, mzee?”

“Mpaka amalize.”

(Mafundi wenzangu mlioko humu, kama kuna anayejua namna ya kuifanya mashine ijue mzee amemaliza, nipigieni. Bonyezeni tatu.) Mchana wote nimeshinda nalo. Mwishowe nimeweka nafasi ya kutosha baada ya shikamoo, na asiyebonyeza kitu haambiwi tena chochote, anapelekwa moja kwa moja mapokezi kwa mtu mwenye damu. Sauti nimerekodi upya. Mama Hadija amesimama mlangoni mwa stoo muda wote akiniuliza kama nina homa.

Jioni hii Upendo kaniletea meseji. “Baba karudi. Anasema katika maisha yake hajaamkiwa na kijana mwenye adabu kama wewe. Ila kaniita pembeni, kaniuliza kwa siri kama kwenu kuna ugonjwa wa kurudiarudia.”

Nikajibu kwamba hakuna. Kisha, kwa wasiwasi, nikajibu tena kwamba hakuna.

“Ndiyo hivyo sasa,” akaandika. “Mama ameshachagua jogoo wa kuwachinjia Jumapili.”

Basi ndugu zangu, msinicheke. Au chekeni leo mmalize, maana Jumapili naenda Ulemo na nataka utulivu. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo: nitaingia, nitainama, nitaamkia mara moja tu. Halafu nitanyamaza, yule mzee aniulize habari za nyumbani mpaka achoke.